Mkandarasi mkuu na wakandarasi wadogo: nani akate bima ipi?

Mjenzi wa Sinza

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Kampuni yetu imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa kazi za majengo, na tumepata kandarasi ya kujenga jengo la ghorofa nne lenye sehemu ya chini ya ardhi hapa Sinza, Dar es Salaam, katika kiwanja kilichobanwa na nyumba za watu pande mbili. Kazi ya zege na kuta tutaifanya wenyewe. Uchimbaji, umeme, mabomba, lifti na paa tutawapa wakandarasi wadogo. Mwenye jengo, kupitia mshauri wake, anataka hati za bima za kila atakayeingia saiti kabla hajatukabidhi kiwanja. Wakala mmoja wa bima ameniambia kwamba bima moja ya ukandarasi inatutosha sote, na mwingine amenipa orodha ndefu ambayo tukiilipia yote hatutabaki na faida. Naomba kuelezwa ni bima zipi zinatakiwa kisheria, zipi zinatokana na mkataba, na kila aina ya mkandarasi abebe ipi.

Mkadiriaji Majenzi

Ndugu Mjenzi, hongera kwa kazi. Umefanya vyema kutenganisha sheria na mkataba.

Kwa upande wa sheria, kila mwajiri, awe mkandarasi mkuu au mwenye kampuni ya mabomba yenye vijana wanne, anapaswa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 20 ya 2008, na kuchangia kwa kufuata mishahara anayolipa. Mfuko huo ndio unaogharamia matibabu na fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini, pamoja na malipo kwa wategemezi wake akifariki. Mchango hutoka kwa mwajiri peke yake, kwa hiyo ni kosa kumkata kibarua fedha hizo. La pili ni bima ya magari, kwa kuwa gari lolote linalotembea barabarani lazima liwe na bima inayowalinda watu wengine, hata kama ni tipa la kubebea kifusi kutoka saiti hadi dampo. Saiti yenyewe isajiliwe OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kama mahali pa kazi. Hiyo si bima, lakini ajali ikitokea ni miongoni mwa mambo ya kwanza utakayoulizwa.

Mengine mengi yanatoka kwenye mkataba. Mikataba ya ujenzi inayotumika kwenye zabuni za umma kwa kawaida humtaka mkandarasi akate bima kwa jina lake na la mwenye mradi kwa pamoja, kuanzia siku ya kuanza kazi hadi mwisho wa kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya jengo kukabidhiwa, ikihusu kazi yenyewe na vifaa, mitambo, mali za watu wengine, na kuumia au kufa kwa watu. Mikataba ya watu binafsi mara nyingi hunakili vifungu hivyo. Soma kifungu cha bima katika mkataba wako neno kwa neno, kisha umpelekee wakala kifungu chenyewe, si maelezo yako ya mdomo.

Niliyekuwa Ofisi ya Bima

Naomba kuongezea kwa kirefu kidogo, maana nilishughulikia madai ya fidia za ujenzi kwa muda mrefu na nimeona familia zikibaki na kifusi na karatasi isiyolipa.

Bima ambayo wakala wako wa kwanza anaizungumzia ni ile ya hatari zote za mkandarasi, ambayo wengi hapa mjini huiita CAR. Ina sehemu mbili. Ya kwanza inalipa hasara ya kazi inayojengwa: ukuta ulioanguka kwa dhoruba, moto, mafuriko, nondo zilizoibwa. Ya pili inalipa madhara kwa watu wengine na mali zao. Ni kweli kwamba wakandarasi wadogo wanaweza kuingizwa humo, ila lazima hati iseme hivyo waziwazi, na ni vizuri iwe na kifungu kinachomhesabu kila mmoja kama amekata bima yake peke yake, ili fundi wa mkandarasi wa paa akiharibu mali ya mwingine suala hilo lisikataliwe kwa hoja kwamba nyote ni upande mmoja. Hata hivyo, wafanyakazi wenu hawamo katika sehemu ya pili, kwa sababu hao wanategemea WCF. Magari yenye usajili wa barabarani hayamo. Na kosa la mchoro, kwa masharti ya kawaida, halimo. Kosa la mchoro huangukia bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile inayolipa madhara ya makosa ya kazi ya mhandisi au msanifu, na kama kampuni yako ndiyo iliyochora na ndiyo inayojenga, basi bima hiyo inakuhusu wewe pia.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika kazi yako, nalo ni shimo. Unachimba chini ya ardhi kati ya nyumba mbili. Masharti ya kawaida ya bima hii hayalipi uharibifu wa nyumba ya jirani unaotokana na mtetemo au na kuondolewa kwa udongo unaoishikilia, isipokuwa ukiomba kifungu hicho kiongezwe na ukilipie. Kampuni ya bima nayo itataka nyumba za jirani zikaguliwe kabla kazi haijaanza. Fanyeni ukaguzi huo na mwenye nyumba akiwepo: kila ufa upigwe picha pamoja na futi iliyowekwa kando yake, tarehe iandikwe, na jirani atie saini. Jirani akija baadaye na ufa mpya utajua unalipa nini, na yeye hatanyimwa haki yake. Tunaoishi Dar es Salaam tulishuhudia jengo likiporomoka Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, na lingine Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Bima hairudishi uhai wa mtu, lakini aliyebaki hai hapaswi kukuta kwamba kifungu kilichomhusu hakikununuliwa.

Kwa hiyo mkandarasi wa uchimbaji ndiye wa kubanwa kuliko wote. Akileta kijiko cha kukodi, uliza kina bima ya mitambo ya ujenzi na ni ya nani, na ukumbuke kwamba injini ikifa yenyewe hakuna wa kulipa hapo, kwani bima hiyo hutazama ajali ya nje.

Umeme na Lifti

Mimi nipo upande wa ufungaji. Mkandarasi wa umeme awe na leseni ya EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inayolingana na kazi, kwa sababu kampuni ya bima itaitafuta mara tu moto ukitokea. Kwa lifti, jenereta na mitambo mingine mikubwa kuna bima ya usimikaji, ambayo ni ndugu wa hiyo CAR mliyoitaja ila imetengenezwa kwa mitambo. Angalia kama inahusisha siku za majaribio, kwani lifti nyingi huharibika zinapowashwa, si zinapobebwa. Kwa lifti moja kwenye jengo la ghorofa nne, mara nyingi inatosha kuiingiza ndani ya bima kuu kama sehemu ya thamani ya kazi.

Fundi wa mabomba hatari yake ni maji kuvuja juu ya dari iliyokwisha kupakwa rangi. Fundi wa paa ni kuanguka, pamoja na moto wa kuchomelea. Mwenye kampuni ndogo anayepanda paani mwenyewe ajikatie pia bima ya ajali binafsi.

Mjenzi wa Sinza

Nashukuruni sana, nimeelewa kwa nini mawakala wale wawili walipishana. Naomba kuuliza mawili. Mwenye jengo ananunua saruji, nondo na vigae mwenyewe. Je, niviweke kwenye bima? Na dhamana ya utekelezaji anayoidai si bima hiyohiyo?

Niliyekuwa Ofisi ya Bima

Viweke, tena bila kusita. Kiasi kinachokatiwa bima ni thamani yote ya jengo likikamilika, hata kama nusu ya vifaa haikupita mikononi mwako. Tuseme jengo lote ni shilingi milioni 600, wewe ukakata bima ya milioni 400 iliyomo kwenye mkataba wako. Hasara ya milioni 60 italipwa milioni 40 tu, kwa uwiano huohuo, kisha kitatolewa kile kiasi cha awali ambacho hati inakutaka ubebe mwenyewe.

Dhamana si bima yako. Inamlinda mwenye jengo usipomaliza kazi, na benki au kampuni ya bima ikishamlipa itakugeukia wewe uirejeshee.

Nikumbushe pia mambo ambayo huharibu madai mengi. Wenye majengo hapa kwetu hupenda kupangisha fremu za chini wakati ghorofa za juu zikiendelea. Sehemu iliyoanza kutumika hutoka kwenye bima ya ujenzi, kwa hiyo ijulishe kampuni kabla duka halijafunguliwa, na mwenye jengo aikatie bima yake. Kazi ikisimama, iwe kwa masika au kwa fedha kukwama, toa taarifa kwa maandishi. Hasara ikitokea, taarifa ifike mapema, kwani hati nyingi zinatoa siku 14, na wizi uripotiwe polisi. Bima haianzi kufanya kazi mpaka ada ilipwe, hivyo usikubali maneno ya kwamba utalipa mwisho wa mwezi, na hakikisha wakala na kampuni wanatambuliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Kabla ya kusaini, mwambie wakala akuandikie barua inayosema kama kifungu cha mtetemo na udongo wa jirani kimo au hakimo. Akisita kuiandika, tafuta mwingine.