Nafasi za utafiti likizo ndefu kwenye jenetiki ya wanyama, mwaka wa pili naanzia wapi?

ndama_mweupe
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa pili nasoma sayansi ya wanyama, likizo ndefu ijayo sitaki kukaa bure, nataka nafasi ya utafiti kwenye jenetiki, iwe ng'ombe iwe kuku iwe nguruwe mi sichagui. Shida matokeo yangu ya kawaida tu, na maabara nimeshika pipeti (kile kifaa cha kunyonya na kupima matone) labda mara nne, tena tulikuwa watu sita kwenye kundi kwa hiyo hata huko kushika kwenyewe ni kwa zamu. Nimetuma imeili kama ishirini kwa maprofesa, waliojibu wawili, wote "nafasi zimejaa". Ni lazima mtu awe na A tupu? Na je niombe za maabara au hizi za kompyuta, maana kuna jamaa kanishikilia kwamba jenetiki yote siku hizi iko kwenye kompyuta, maabara ni kupoteza muda. Kuandika kodi za kompyuta sijui hata mstari mmoja. Hata wa kunisema aniseme, nitapokea.

bibi_pipeti
Bandika hapa hiyo imeili. Toa majina.

ndama_mweupe
"Mheshimiwa Profesa, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na shauku kubwa ya jenetiki. Naomba kujiunga na maabara yako yenye hadhi ili nipanue ujuzi wangu. Niko tayari kufanya kazi yoyote. Nimeambatanisha sivii yangu."

Ishirini zote ndo hiyo hiyo nilikuwa nabadilisha jina tu 😅

bibi_pipeti
Ndo ugonjwa wenyewe huo mwanangu. Hiyo barua ukiweka "karakana" badala ya "maabara" unamtumia fundi seremala na haharibikiwi kitu. Mtu akipata imeili ya mwanafunzi hajiulizi kama una bidii, anajiuliza huyu atakaa na nani wiki nane, maana profesa mwenyewe hatakaa na wewe, utakabidhiwa kwa mwanafunzi wa udaktari ambaye naye ana yake yanamuunguza. Sasa mpunguzie hilo wazo. Soma karatasi moja yao, moja tu lakini uisome kweli mpaka kwenye mbinu, halafu uliza kitu kimoja kidogo. Mfano kama wanashughulika na misuli ya ng'ombe, wale Belgian Blue wenye mapaja kama wamevimba, pale kuna herufi 11 za DNA zimekatika kwenye jeni ya myostatin, ile inayozuia misuli isikue kupita kiasi, ilijulikana 1997. Herufi 11 ni chache mno, kwenye jeli ya kawaida ya asilimia 1 (ile ya kutenganisha vipande vya DNA kwa urefu) aliyekatika na asiyekatika utaona wamelingana tu. Ukiandika "nimejiuliza mlitofautishaje vipande hivyo, jeli nzito zaidi au mashine", mistari miwili, tayari umeshawapita wale wote wa shauku kubwa.

La pili ni muda. Unatuma lini? Zile programu za REU za Marekani (utafiti wa likizo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) zinazolipiwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali yao, nyingi zinafunga kati ya Januari na Machi, na hela ile ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu kule, kama si wewe usipoteze jioni kujaza fomu. Na kuna ufadhili mwingine kama wa Genetics Society ya Uingereza ambao mwombaji ni mtafiti, anaomba akiwa ameshakutaja wewe kwa jina. Maana yake mwenyeji unamtafuta mapema, mwezi wa kumi na moja huko, hela inafuata baadaye. Watu wanafanya kinyume wanasubiri tangazo.

A tupu si lazima. Nimewahi kukaa upande wa kuchagua, tuliangalia kama mtu anamaliza anachokianza.

skripti_mbovu
Huyo jamaa yako kasema nusu ya ukweli. Hata ile karatasi ya 2001 ya Meuwissen, Hayes na Goddard iliyoanzisha uchaguzi wa kijenomu (kuchagua wazazi kwa alama za DNA zilizoenea jenomu nzima), wale walitunga wanyama wa kubuni kwenye kompyuta tu, chipu ya kupima ng'ombe alama elfu hamsini na kitu kwa mpigo ilikuja miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo kompyuta usiikimbie. Data za namna hiyo zipo wazi mtandaoni, PLINK na R, programu za kuchambua data hizo, ni bure, pakua seti moja ya ng'ombe wa mbari tofauti, toa alama zenye mapengo mengi, toa wanyama wenye mapengo mengi, chora PCA, grafu inayoweka karibu wanyama wanaofanana kijenetiki, uone mbari zinavyojitenga. Itakuchukua wiki mbili za kulia, siku tatu zote utakuwa unatafuta kwa nini faili halifunguki kumbe umekosea jina la folda. Ila ukiwa na hiyo grafu moja uliyoichora mwenyewe una kitu cha kuongea kwenye intavyuu.

mkia_wa_farasi
Sawa, ila hizo data zilitoka kwenye nywele za mnyama ambazo kuna mtu alizing'oa kwa mkono wake. Na nasema KUNG'OA, ukikata na mkasi umeacha mizizi na DNA unayoitaka ndo iko huko.

Likizo yangu ya kwanza niliwekwa mahali (sipataji) nikakuta damu ya kondoo imeshakusanywa, mi kazi yangu PCR tu, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane kwenye jeli. Wiki tatu jeli nyeusi, hakuna hata mstari. Nikabadilisha primeri (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili), nikabadilisha joto, nikaanza kujiona mi ndo mjinga. Msimamizi yuko safarini hajibu. Kumbe aliyekusanya alitumia tyubu za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na heparini inazuia PCR, zilitakiwa za EDTA, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo. Fundi wa maabara ndo aliona kofia za kijani, rangi ya tyubu za heparini, akacheka. Tukasafisha DNA upya ikakubali, zikabaki wiki mbili, ripoti ikawa ya kurasa nne. Sasa dogo kabla hujakubali nafasi yoyote uliza maswali mawili: sampuli zipo tayari na nani kazijaribu, na msimamizi atakuwepo wiki zipi. Malipo pia uliza usione aibu.

bibi_pipeti
@mkia_wa_farasi umenikumbusha mbali. Kuku ni raha bwana, chembe zao nyekundu za damu zina kiini, tone dogo tu DNA inajaa. Sisi wa mamalia tunategemea nyeupe.

ndama_mweupe
Nimewaelewa jamani asanteni sana. Nimeandika upya, kuna maabara ya kuku nimesoma karatasi yao usiku mzima:

"Mheshimiwa Profesa, nimesoma kazi yenu ya mbari za kuku. Mlitoa alama zilizo kwenye kromosomu Z kabla ya PCA. Je ni kwa sababu jike ana Z moja tu na dume ana mbili? Nimeanza kujifunza PLINK, na ningependa kujua kama maabara yako yenye hadhi ina projekti ndogo ya wiki nane."

bibi_pipeti
Hapo sasa. Toa "yenye hadhi", tuma leo.