Ulinganisho: kipoozeo gani tulivu kwa kompyuta ya mezani ya zamani yenye i7-4770?

SautiYaIlala
Wakuu, habari za majukumu. Nina kompyuta ya mezani ya kuunganisha yenye prosesa ya i7-4770, toleo la 2013, soketi (kikao cha prosesa) aina ya LGA1150. Kwa kazi zangu bado inatosha kabisa. Kinachonisumbua ni kelele. Narekodi sauti za matangazo na masimulizi, na maikrofoni ya kondensa haisamehe. Nikianza kuchuja sauti, ile feni ndogo iliyokuja na prosesa inapandisha mlio, nao unaingia kwenye rekodi. Ukijaribu kuuondoa baadaye kwa programu, herufi za s na sh zinachubuka, na sipendi kumkabidhi mteja kazi ya namna hiyo.

Nimevipitia vipoozeo hivi vinne (feni na chuma cha kutoa joto la prosesa): Noctua NH-L9i, Arctic Freezer 7 X, Thermalright Assassin X 120 SE na Noctua NH-U12S. Niko Dar, joto mnalijua, na feni ya dari naizima nikiwa narekodi. Ipi itanifaa?

FundiGerezani
Mkuu, kabla ya jina lolote, chukua rula. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa boksi, kisha pima kutoka usawa wa prosesa mpaka pale ubavu unapofunga. NH-L9i ina kimo cha milimita 37, Freezer 7 X kama 133, Assassin 148, NH-U12S 158. Wengi wananunua kwa kuangalia picha, halafu boksi linagoma kufunga.

La pili, hakikisha kelele inatoka kwenye feni ya prosesa kweli. Iwashe tena, kisha gusa kitovu cha feni, siyo mapanga yake, kwa upande wa kifutio wa penseli, isimame sekunde mbili tatu. Mlio ukikatika, umempata mwenyewe. Ukibaki mngurumo, chunguza diski ngumu au pawa saplai, maana hapo kipoozeo kipya hakitakusaidia chochote.

SautiYaIlala
Asante fundi. Nimegusa, mlio umekatika pale pale. Kimo nimepata milimita 155.

Mzee_wa_Solda
Basi NH-U12S imetoka kwa milimita tatu tu. Inasikitisha, ni kifaa kizuri sana, lakini usije ukatoboa ubavu wa boksi kwa ajili yake.

Nikuambie jambo ambalo watu hawalitilii maanani. Kelele ya feni haipungui sawasawa na mwendo wake. Ukipunguza mizunguko nusu, upepo unapungua nusu, lakini sauti inashuka kwa takriban desibeli 15, na hiyo sikio linaisikia waziwazi. Ndiyo maana panga pana linalozunguka taratibu hulishinda panga dogo linalokimbia. NH-L9i imebuniwa kwa maboksi membamba: feni yake ni ya milimita 92, unene 14 tu, na kasi yake ya juu ni mizunguko 2,500 kwa dakika. Prosesa yako ni ya wati 84. Itaimudu, ila ukiibana kwa kazi ndefu feni itakimbia, na utarudi kwenye mlio uleule unaoukimbia. Kwa boksi lenye nafasi ya milimita 155 sioni sababu ya kuichukua.

Assassin ina feni ya milimita 120 isiyozidi mizunguko 1,600 au karibu hapo, na mabomba manne ya shaba ya kusafirisha joto. Kwa wati 84 itazunguka kwa uvivu muda mwingi. Mimi kura yangu iko hapo.

Pwani_254
Salamu kutoka Mombasa. Mimi naanza kwingine: kaka, mara ya mwisho ulibadilisha lini pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo? Mashine ya umri huo, kama haijawahi kufunguliwa, pesti imekauka imekuwa kama chokaa, na vumbi limefunga mapezi ya hitisinki (kile chuma chini ya feni). Feni inakimbia kwa sababu joto halitoki. Toa hitisinki, pangusa kwa spiriti, weka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Ukipuliza vumbi kwa blowa, shika mapanga yasizunguke, maana upepo ule unayazungusha kupita kiasi na kuharibu beringi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kipoozeo kipya.

FundiGerezani
Pwani, hilo sahihi, na ningemshauri afanye hivyo hata leo. Ila kwa mtu wa maikrofoni halitoshi. Hata ikiwa safi, feni ile ya asili ni ndogo na hitisinki yake ni fupi. Prosesa ikibanwa itapiga kelele tu. Kwa mtu wa kuandika barua na kuperuzi ningesema safisha, basi.

Na zile pini nne za plastiki za kipoozeo cha asili, baada ya miaka kumi kwenye joto zinakuwa kavu. Ukizizungusha kwa nguvu zinakatika, kwa hiyo uwe na mbadala mkononi kabla hujagusa.

DadaMifumo
Naomba kuitetea Freezer 7 X kidogo. Inafungwa kwa pini za kubonyeza, kwa hiyo hutoi mazabodi (bodi kuu). Assassin ina bamba la kukaa nyuma ya mazabodi. Kama boksi lako halina tundu kubwa nyuma ya prosesa, itabidi ung'oe kila kitu. Kwa asiye fundi, hiyo ni kazi ya nusu siku, na waya za swichi ya mbele zinachanganya sana kuzirudisha.

Tahadhari nyingine ni soketi. LGA1150, 1151, 1155, 1156 na 1200 zote zina matundu yaliyoachana milimita 75, kwa hiyo kipoozeo cha mojawapo kwa kawaida kinaingia kwenye nyingine. LGA1700 ni milimita 78. Baadhi ya vipoozeo vipya, kama Arctic Freezer 36, vimeacha kabisa soketi za zamani. Muuzaji akikwambia "hii inaingia Intel zote", omba kuona orodha kwenye boksi lake.

Na wenye kompyuta za Dell OptiPlex 9020 na mfano wake watakaosoma hapa: msifuate ushauri huu moja kwa moja. Plagi ya feni ina pini tano badala ya nne, na skrubu za kipoozeo zinashikwa na bati la boksi lenyewe. Mtahitaji adapta, na bamba la nyuma linaleta shida.

Mzee_wa_Solda
Dada umesema kweli kuhusu kufunga. Lakini feni ya Freezer 7 X ni ndogo kuliko ya Assassin. Ni tulivu kuliko ya asili, sibishi; ila kwa kurekodi, kung'oa mazabodi mara moja ni bei ndogo.

Usitegemee pia joto lishuke sana kwenye namba. Kwa kizazi hiki Intel waliweka pesti chini ya kifuniko cha prosesa badala ya solda, kwa hiyo joto linakwama kabla halijafika kwenye kipoozeo. Prosesa yenyewe hujipunguza kasi ikifika nyuzi 100. Ukiwa kwenye 70 au 75 chini ya kazi nzito huku feni haisikiki, usihangaike kuitafuta 55.

SautiYaIlala
Nimeelewa. Nimechungulia upande wa pili wa boksi, tundu lipo nyuma ya prosesa na linatosha mkono. Nachukua Assassin. Kuna la kuzingatia wakati wa kufunga?

FundiGerezani
Tundu lipo? Kazi ni nyepesi basi. Feni ikae upande wa RAM, isukume upepo kupitia kipoozeo utoke nyuma ya boksi, na RAM zikiwa ndefu pandisha feni kidogo; una milimita saba za akiba. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana, siyo moja mpaka mwisho. Plagi ya feni iingie palipoandikwa CPU_FAN kwenye mazabodi.

Mzee_wa_Solda
Kisha ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), chagua udhibiti wa PWM, yaani mazabodi ndiyo inayopanga kasi ya feni. Weka feni kwenye asilimia 30 mpaka nyuzi 60, halafu ipande polepole mpaka asilimia 70 ikifika nyuzi 80. BIOS ikikuruhusu kuchelewesha mabadiliko, weka sekunde chache, maana feni inayopanda na kushuka kila mara husikika kwenye maikrofoni kuliko inayozunguka mwendo mmoja.