Ukikutwa na simu ni begi na godoro nyumbani: hii sheria ya "haina mswalie Mtume", yaani kosa halivumiliwi na msamaha hakuna, kwenye sekondari zetu inamsaidia nani?

Mwanzisha mada

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini kamwene, hata nyie wa Mbeya ambao mpaka leo hamjui kuitikia. Naomba tulijadili hili bila matusi maana najua walimu mko wengi na wazazi tuko wengi na kila mtu ana hasira zake.

Kuna sekondari moja ya bodingi huku Mbeya, jina naliacha, fomu yake ya kujiunga ina kipengele kwamba mwanafunzi akikutwa na simu au hata laini tupu anafukuzwa siku hiyo hiyo, hakuna onyo, hakuna kusikilizwa, mzazi anasaini na mtoto anasaini chini yake. Sasa binti wa shemeji yangu yuko kidato cha tatu, matroni kapekua bweni alfajiri kakuta kitochi ndani ya kopo la maziwa ya unga, kile cha vitufe, kimefungwa raba bendi kwa nyuma mfuniko usidondoke, na kabla ya saa sita mchana binti yuko stendi ya Nane Nane na tranka lake na godoro limekunjwa limefungwa kamba ya katani anasubiri gari la Kyela.

Sitetei simu. Nimesoma bodingi, najua simu bwenini inaleta nini. Swali langu ni lingine. Laini siku hizi inasajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), binti wa miaka 16 hiyo namba hana, maana yake kuna mtu mzima mahali fulani aliweka kidole chake ndo ile laini ikafanya kazi. Nani? Shangazi? Wa duka la nje ya geti? Mwanaume gani? Barua ya kufukuzwa haina hata mstari mmoja unaouliza hilo, barua yenyewe fupi kiasi kwamba nusu yake ni anwani.

Na hapo ndo napoipinga hii sera. Siyo kwa sababu ni kali, ukali sina shida nao, ila inawapa watu wazima ruhusa ya kutouliza. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, anayempa mimba mwanafunzi au kumuoa anakula miaka 30 jela, tukashangilia wote. Haya huyo wa miaka 30 tutampataje kama kila tukishika kamba inayoelekea kwake tunaikata halafu tunampa mtoto apande nayo gari?

Tena tulishafanya hivyo nchi nzima. Kwa miaka na miaka binti akipata mimba anafukuzwa, kile kipengele cha makosa ya maadili kwenye kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi ndo kilikuwa kinatumika, binti anaondoka na tumbo lake na aliyempa anabaki mtaani anaagiza bia. Mpaka Novemba 2021 waziri wa elimu wa wakati ule, Profesa Ndalichako, akatangaza kwamba wakishajifungua warudi shule. Walisema maadili yatakufa. Shule ziko pale pale.

Naomba kuwasilisha. Walimu njooni.

Ticha wa Njombe

Nimekuja. Mimi ndo mwalimu wa nidhamu kwa hiyo mawe yote rusheni huku.

Mtoa mada umeandika vizuri ila umeandika kama mtu anayelala nyumbani kwake. Mimi nina vipindi 26 kwa wiki, mabweni yana watoto zaidi ya mia sita, na mwalimu wa ushauri nasaha ni mimi huyo huyo, asubuhi nachapa mchana nashauri. Ukisema tuchunguze laini ni ya nani, achunguze nani? Nifunge safari mpaka kwa wakala wa laini nimwambie nionyeshe kidole?

Halafu niwaambie kilichotokea sehemu niliyokuwa zamani. Tulikamata simu ya binti mmoja tukamsikiliza, alilia, mama yake akaja akalia, tukasamehe, tukampa adhabu ya kufyeka. Kumbe ile simu ilikuwa na picha za wenzake wakiwa wanaoga na zilikuwa zimeshatumwa nje siku nyingi. Aliyepigwa picha ndo akahama shule kwa aibu, aliyepiga akabaki anakula ugali wa shule kama kawaida. Baba wa yule aliyehama alikaa ofisini kwangu kofia iko magotini ananiuliza mwalimu kwani huyu mwingine bado yupo? Sikuwa na jibu. Kwa hiyo mnaposema huruma, mseme pia huruma kwa nani.

Na la mwisho. Ukiweka mlango wa "kila kesi isikilizwe" wanaopita pale siyo watoto wa wakulima wa viazi. Diwani anapiga, mkubwa wa halmashauri anapiga, padre anapiga. Mtoto asiye na wa kumpigia ndo anayeondoka. Sheria isiyo na msamaha angalau inamkata kila mtu.

Mbalizi yetu

Viboko tu. 2019 mkuu wa mkoa Chalamila aliwatandika wale wanafunzi 14 wa sekondari ya Kiwanja kule Chunya, simu zimekutwa na mabweni yameungua, na rais Magufuli akamuunga mkono hadharani kabisa. Mnazunguka mbuyu wa nini.

Mwanzisha mada

Mzee wangu wa Mbalizi shikamoo. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa ya maandishi, kosa na idadi vinaandikwa kwenye kitabu. Mkuu wa mkoa nimemtafuta humo sijamwona. Na ile ya Chunya haikuishia viboko, kidato cha tano na sita walirudishwa nyumbani na kutakiwa waje na 200,000 kila mmoja, hata yule ambaye usiku wa moto alikuwa kajifunika blanketi lake anakoroma. Mzazi wa Lupa akauze mahindi alipie kosa la mtoto asiyemjua.

Ticha, nimekusoma mara mbili. Hiyo ya picha inauma na yule aliyepiga mimi ningemwondoa bila kupepesa. Lakini angalia, ulimsamehe bila kuifungua simu. Huko siko kusikiliza, machozi ndo yaliamua kesi. Na kwa binti wetu fomu ya kujiunga imeamua kesi. Simu yake waliipiga nyundo paredi mbele ya shule nzima, laini ikiwa ndani. Yaani kitu pekee ambacho kingeonyesha anaongea na nani wamekisaga wenyewe huku wanafunzi wanapiga makofi.

Mama wa Kihesa

Mimi nipo katikati lakini kuna vitu sitaki hata mjadala. Agosti 2009 hapa hapa Iringa, sekondari ya Idodi, bweni la wasichana liliungua usiku mabinti 12 wakafa, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa mwenzao aliyekuwa anajisomea. 12. Mwanangu akikutwa na mshumaa bwenini mleteni hata saa nane usiku mniachie mlangoni, sitawauliza kitu.

Fundi wa Mafinga

Mama naheshimu. Ila mtoto anawasha mshumaa kwa sababu taa zimezimwa na mtihani uko mlangoni. Ukimrudisha mwenye mshumaa nyumbani, kesho anawasha mwingine. Mimi ni fundi umeme, nimeingia mabweni mengi huku, kuna sehemu dirisha lina nondo kama lokapu na mlango mmoja unafungwa kufuli kwa nje eti wasitoroke. Hapo nani hajavumiliwa? Kufuli linavumiliwa.

Mama wa Kihesa

Kufuli nalo litoke. Mshumaa pia. Sijasema kimoja.

Kijana wa Makongolosi

Mimi nilifukuzwa kidato cha tatu. Kosa ni kuruka ukuta kwenda kuangalia mpira, tulikuwa wanne, sheria ya shule ilibandikwa ukutani kwa wino mwekundu kabisa kwamba kutoroka usiku adhabu yake ni kufukuzwa, hakuna msamaha. Nikaogopa kwenda nyumbani nikashuka Chunya, nikaingia machimbo, nikawa nabeba mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mpaka kifua kikawa kinapiga filimbi. Baadaye sana nikapata akili nikafanya QT, ule mtihani wa maarifa wa waliokatisha shule, nikaja kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea pamoja na watu wenye watoto. Nilifaulu, ila msinifanye ushuhuda, mmoja wa wale wenzangu mpaka leo kwao hawajui yuko wapi.

Nilichotaka kumwambia ticha ni kimoja. Wanne tuliruka, watatu tukafukuzwa. Wa nne baba yake alikuwa mtu wa wilaya, Jumatatu alikuwa darasani amekaa dawati la mbele. Na sheria ilikuwa hiyo hiyo ya ukutani. Hiyo ya kumkata kila mtu mimi sijaiona.

Mwanzisha mada

Asante dogo, umeniwahi.

Niongeze kitu, maana kuna jamaa kanifuata pembeni kaniambia eti hii ndo nidhamu ya kisasa, hata Marekani wanafanya. Walifanya kweli. 1994 walitunga sheria kwamba mwanafunzi akija shuleni na bunduki anafukuzwa si chini ya mwaka mmoja. Bunduki jamani, siyo kitochi. Lakini ikishakuwepo hii kitu haikai sehemu moja, ikahamia kwenye visu, ikahamia kwenye bangi, ikafika kwenye kumjibu mwalimu vibaya. Chama chao cha wanasaikolojia kikaunda jopo, 2006 likaja na ripoti kwamba shule hazikuwa salama zaidi kwa sababu hiyo, na waliokuwa wanaumia zaidi ni watoto weusi. 2014 serikali ya Obama ikatoa mwongozo wa kupunguza kufukuzana, Desemba 2018 serikali ya Trump ikaufuta, kwa hiyo na wao bado wanavutana.

Ila kinachonichekesha ni kwamba hata ile sheria yao ya bunduki iliacha kimlango, mkuu wa elimu wa eneo anaweza kurekebisha adhabu kesi moja moja. Yaani mtoto wa kule kakutwa na bunduki ana mtu wa kumwangalia kesi yake, wa kwetu kakutwa na kitochi hana.

Ticha wa Njombe

Sawa. Sasa na mimi niulize maana naona mnanichangia. Oktoba 2016 hapo hapo kwenu, sekondari ya Mbeya Day, ile video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nchi nzima ilitaka vichwa. Wakafukuzwa vyuo, mkuu wa shule akavuliwa cheo, mbio mbio. Mbona siku ile hakuna aliyesema wasikilizwe, wapewe onyo, wapelekwe ushauri nasaha? Walikuwa vijana tu wale, wana miaka ishirini na kitu. Kwa mwalimu haina mswalie Mtume mnaipenda, kwa mtoto mnaleta falsafa.

Mbalizi yetu

Ticha kapiga msumari.

Mwanzisha mada

Kapiga kweli na swali ni zuri kuliko lote humu. Ila ticha, kumbuka wale walikuwa wanampiga mtoto mmoja, watu kadhaa, ngumi na mateke, na 2018 kule Bukoba tuliona inavyoishia, mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kipigo cha mwalimu. Simu haimuui mtu.

Lakini acha hilo. Angalia namna kesi ya Mbeya Day ilivyokwenda. Waziri aliuliza, polisi waliuliza, vyuo viliulizwa, nani alikuwa ofisini, nani aliona, nani alijua akanyamaza. Mkuu wa shule hakumpiga yule mtoto, alianguka kwa kutotoa taarifa. Maswali yalipanda ngazi mpaka juu. Hicho ndicho nakililia tangu asubuhi. Binti wetu maswali yake yameishia kwenye kopo la maziwa, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa stendi.

Ticha wa Njombe

Hapo nimekuelewa, kukubali yote bado. Aliyepiga picha za wenzake, mwenye bangi ya kuuza, mwenye kisu, hao kwangu wanaondoka na siwaulizi mara mbili, mtanisamehe. Hivi vya kitochi na kuruka ukuta naweza kusogea.

Mimi kinachonikera ni kuambiwa tu "chunguzeni" halafu mtu anaendelea na chai yake. Nani anafanya, saa ngapi, kwa karatasi gani? Bodi yetu inakaa mwezi ujao, naweza kupeleka kitu kidogo, kwamba kabla ya barua yoyote ya simu kutoka iwepo karatasi ya maelezo. Simu ya nani, laini ina jina la nani, nani kaileta. Namba zinanakiliwa kabla ya hiyo nyundo yenu. Ikionekana mtu mzima asiyeeleweka inaenda dawati la jinsia polisi na nakala kwa mzazi. Mtoto anasimamishwa wiki mbili, hafukuzwi, mpaka majibu yarudi. Ila mjue nusu ya majibu yatakuwa ni wazazi wenyewe, wanawaletea simu siku ya visiting chini ya sufuria ya kuku, halafu wakija ofisini wanajifanya hawaijui.

Kijana wa Makongolosi

Hao nao wasimamishwe wiki mbili.

Mbalizi yetu

Na viboko?

Ticha wa Njombe

Vinne mzee. Na kitabu nakijaza.

Mama wa Kihesa

Mshumaa msiuingize kwenye hiyo karatasi yenu. Nimesema.