MREJESHO: Maombi na kazi ya cherehani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliomba ushauri wa kudumu katika maombi huku ushonaji ukinimeza, hasa Januari, msimu wa sare za shule.

Aliyenigusa zaidi ni dada aliyenielekeza kwa Nehemia, yule mnyweshaji wa mfalme katika Biblia. Mfalme Artashasta alipomuuliza anataka nini, aliomba palepale kisha akajibu (Nehemia 2:4-5). Lakini sura ya kwanza inaonyesha alikwisha kufunga na kuomba siku kadhaa. Hapo nikafunguka: ombi fupi la kazini huzaliwa na ombi refu la faraghani.

Basi sasa naamka kabla ya watoto, nasoma Zaburi na kuomba kwa sauti, simu ikiwa chumba kingine. Ofisini, kabla sijaweka mkasi kwenye kitambaa, namwombea mwenye nacho kwa jina lake. Hili limegusa kazi yenyewe, maana siwezi kumwombea mama wa watu asubuhi halafu jioni nimpige kalenda. Tarehe niliyoandika kwenye daftari naitimiza, au nampigia mapema. Mstari wa Wakolosai 3:23, wa kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana, sasa nauona hata kwenye pindo ambalo mteja hatalikagua.

Kengele ya simu ya kunikumbusha kuomba kila saa haikunifaa. Inakatisha mshono na moyo hautulii.

Danieli aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Maombi yangu ya asubuhi na jioni, namshukuru Mungu, yamesimama imara. Ya mchana bado, maana ndipo wateja wanapojaa. Mwenye uzoefu wa maombi ya mchana sokoni, naomba anishike mkono.