RAV4 Miss Tanzania, X-Trail NT31 au Forester SH5: ipi ya kununua mkononi hapa Mwanza?

Nyegezi_Kona
Wakuu habari za jioni. Bajeti ni milioni 24, gari iwe na namba tayari. Mezani zipo tatu: RAV4 Miss Tanzania ya 2007 (ACA31), X-Trail ya 2009 (NT31) na Forester ya 2008 (SH5). Itazunguka mjini siku za kazi, Sengerema na Geita mara mbili kwa mwezi, na vumbi la vijijini kidogo. Bei zinakaribiana, hivyo nilinganishieni mambo mawili: kasoro ambazo kiwanda chenyewe kiliita magari yarudi kurekebishwa, na ugonjwa wa kila moja ikishapita kilomita laki moja na nusu. Rangi na redio niachieni.

Fundi_Mabatini
Mkuu, kabla hujafungua boneti soma namba ya chesisi. Isome pale ilipopigwa kwenye bodi, siyo kwenye kadi, halafu ulinganishe na kadi. Gari za soko la Japan hazina ile namba ya herufi na tarakimu 17. Zake zinaanza na modeli, kistari, kisha tarakimu: ACA31-, NT31-, SH5-. Ukiiweka kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa usalama barabarani wa Marekani, haisomi kitu, na hapo ndipo watu wanajidanganya kwamba gari ni safi. Ingia tovuti ya Japan ya mtengenezaji husika, tafsiri ukurasa kwa simu. Kilicho kabla ya kistari kinaingia kisanduku cha kwanza, kilicho baada yake kisanduku cha pili. Ni bure, dakika tano.

Kisha fungua mlango wa dereva, angalia nguzo upande wa kitasa. Kazi ya kiwanda ikishafanyika Japan, mara nyingi hubandikwa kibandiko kidogo chenye namba. Kikiwepo ni dalili nzuri. Kisipokuwepo usihukumu, huenda gari ilipigwa rangi upya. Tovuti ndiyo ushahidi.

Mama_Pasiansi
Kwa hizo tatu, Forester ndiyo ya kuangalia zaidi kwa upande wa eabegi. Kizazi cha SH kimo kwenye sakata la Takata, kampuni ya Japan iliyotengeneza eabegi zenye kasoro; hapa ni eabegi ya abiria wa mbele. Baruti yake ni amonia naitreti. Miaka ya joto na unyevu inaiharibu, na siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kopo la chuma linapasuka na vipande vinamrukia mtu usoni na shingoni. Kwa hali ya hewa yetu ya ziwani, joto na unyevu, hilo siyo la kuachia bahati. RAV4 "Kilitime" (kizazi cha kabla ya Miss Tanzania) za mwisho na X-Trail za zamani (T30) nazo zimo, baadhi yake, kwa hiyo ukishawishika kushuka kwenye gari nafuu zaidi, anza upya na namba ya chesisi.

Ikitokea haijabadilishwa, muulize wakala rasmi wa chapa kwa maandishi kama atabadilisha gari iliyoletwa na mtu binafsi. Jibu lije kabla hujalipa. Eabegi ya kuchomoa kwenye gari bovu usiikubali, inaweza kuwa ileile.

Fundi_Mabatini
Naongezea: funguo ikiwa ON bila kuwasha injini, taa ya eabegi lazima iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu. Ikizimika sambamba na taa ya oili baada ya injini kuwaka, imeunganishwa nayo kwa ujanja.

Dereva_Kamanga
RAV4 nayo siyo malaika. Februari 2016 Toyota iliita RAV4 na Vanguard zaidi ya milioni 2.8 duniani kwa sababu ya mikanda ya viti vya nyuma. Kwenye ajali kubwa mkanda unaweza kusuguana na fremu ya chuma ya kiti ukakatika. Dawa ilikuwa kuvisha chuma hicho kifuniko cha plastiki ngumu. Hii unaikagua kwa mkono: viti vya nyuma vya dirishani, pitisha vidole kwenye fremu ya chuma ya sehemu ya kukalia, karibu na mkanda unapopita. Ukigusa chuma kitupu chenye ukingo, kazi haijafanyika.

Lala pia chini nyuma ya gari. Kuna mikono ya kurekebishia alaimenti yenye nati za kufungia. Zisipokazwa vizuri, nyuzi zinalika kwa kutu na mkono unaweza kuachia. Marekani RAV4 ziliitwa kwa hilo mwaka 2012, lakini hata gari ambayo haikuitwa, fundi wa alaimenti wa hapa akiiacha nati legelege matokeo ni yaleyale. Nyuzi zikiwa zimeota kutu nyekundu, badilisha mkono mzima.

Igoma_Spea
Sasa magonjwa. RAV4 hiyo ina injini 2AZ-FE, na za kuanzia 2006 hivi ni walaji wa oili: ringi za pistoni zinaziba kwa masizi. Kipimo cha Toyota yenyewe kilikuwa karibu lita 1 kwa kilomita 1,900. Huwezi kukipima siku ya kununua, lakini mlima wa Bugando utakusaidia. Shuka ukiwa umeachia mafuta, ukifika chini kanyaga, mtu aliye nyuma aangalie ekzosi. Moshi wa bluu, achana nayo au shusha bei ya kufungua injini.

X-Trail: giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), oili yake ni NS-2. Ukiwekewa ATF, oili ya otomatiki za kawaida, umekwisha. Usiijaribu ikiwa ya baridi, hapo kila CVT ni nzuri. Nenda Usagara urudi, kisha panda Bugando bila kuipumzisha. Ikitetemeka mwendo mdogo, imechoka; ikigoma kupandisha mzunguko wa injini, inajilinda kwa joto.

Forester SH5 isiyo na tabo: mkanda wa taiming, kilomita 100,000. Ukikatika valvu zinagonga pistoni. Kama hakuna risiti, hesabu mkanda, tensheni, rola na pampu ya maji ndani ya bei.

Dereva_Kamanga
Igoma, hujasema kwamba ACA31 nayo ni CVT. Jaribio la Bugando liifuate hiyohiyo.

Mama_Pasiansi
Ndiyo maana wengine wanakimbilia Harrier tako la nyani, ACU30: injini ileile 2AZ-FE lakini gia nne za kawaida. Ila za kabla ya 2006 zina lao. Bolti za silinda hedi upande wa nyuma zinang'oa nyuzi kwenye bloku, maji yanavuja polepole. Washa tochi ya simu, rekodi video nyuma ya injini. Utando mkavu wa pinki kwenye kiungo cha hedi na bloku, geuza urudi kwenye RAV4 yako.

Nyegezi_Kona
Asanteni sana. Moja tu: RAV4 imelala Kirumba karibu na maji. Kutu ya ziwa?

Fundi_Mabatini
Maji ya Victoria ni maji baridi, yaani hayana chumvi. Kutu ya kuogopa ni ya barabara za theluji za Japan zinazomwagiwa chumvi au ya pwani. Kagua sehemu shokapu za nyuma zinapofungwa, na kama gari ilibeba samaki, inua zulia la buti na tairi la akiba. Maji ya barafu yanalala humo.