Maduka ya kanda na taarab ya Mombasa: je, duka laweza kurudisha watu ukumbini?

Mwana wa Kibokoni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Sisi vijana kadhaa wa Mji wa Kale, Mombasa, tumeazimia kukodi chumba kimoja cha chini na kufungua duka dogo la santuri na kanda za taarab, na mbele yake tuweke baraza ambapo wapiga udi na waimbaji watatumbuiza kila mwisho wa juma. Wazee wanatuambia kwamba muziki wa mji huu ulishikwa na maduka: Assanand and Sons walikuwa na lebo yao ya Mzuri, na Mbwana Radio Service nao waliwarekodi na kuwauza waimbaji wa papa hapa. Wapo wanaotupinga wakisema duka lilikuwa mahali pa kuuzia tu, na kwamba taarab iliishi arusini na itaendelea kuishi huko bila duka lolote. Ningependa kusikia kutoka kwa waliouona wakati ule: duka lilikuwa na mchango gani hasa katika taarab ya kupigwa mbele ya watu?

Bi wa Makadara

Aleikum salaam, mwanangu. Wanaosema taarab iliishi arusini wamesema kweli, ila wamesahau namna arusi yenyewe ilivyoingia dukani. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu au nne kila upande, kwa hiyo mwimbaji alilazimika kupunguza beti na kuharakisha vipokeo, ilhali ukumbini wimbo mmoja uliweza kupita robo saa, kwa kuwa kila anayeinuka kwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha, hutaka ubeti unaomhusu urudiwe mpaka anayelengwa asikie. Zilipoenea kanda za dakika 60 na 90, kinasa sauti kiliwekwa karibu na waimbaji, na muda si mrefu hata wewe uliyekosa kualikwa uliisikia arusi nzima, vigelegele vikiwemo.

Hapo ndipo duka lilipokuwa zaidi ya duka. Nakumbuka nikisimama na dada yangu mbele ya kaunta moja karibu na Mwembe Tayari, na mwenye duka, ambaye kitufe cha kurudishia cha mashine yake kilikuwa kimekufa, akiizungusha kanda kwa kalamu ya risasi ili tusikie tena ubeti mmoja wa mwimbaji Juma Bhalo. Alijua mtunzi ni nani na fumbo linaelekea wapi, na kama hakulijua hilo la pili, alikuwapo mteja mwingine aliyelijua. Mtu mwenye arusi alipita hapo, akasikiliza kanda mbili tatu, ndipo akaenda kumwalika mwimbaji. Kwa hivyo waliokuja ukumbini walikuwa wameshazijua nyimbo, na tena walikuwa wameshazibishania.

Fundi Kanda

Nakubaliana na Bi kwa mengi, lakini naomba tusiyasifu maduka kupita kiasi. Niliwahi kuajiriwa katika duka moja, ambalo sitalitaja, kazi yangu ikiwa kunakili kanda kwa mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, na sikuona hata mara moja mwimbaji akilipwa kwa nakala zile. Riziki yake ilitoka kwenye mialiko na kutunzwa. Kanda ilimtangaza, na hilo lilikuwa na thamani kubwa, ila fedha ya kanda ilibaki dukani. Kama mnataka wanamuziki waje barazani kwenu kwa moyo safi, lianzeni jambo hili upya.

Kuuza santuri au kanda halisi iliyotumika hakuna tatizo. Kunakili ni jambo jingine. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi hulindwa miaka 50 tangu iliporekodiwa, kwa hiyo kanda ya miaka ya 1980 bado ina wenyewe. Nyingi katika nyimbo za Bhalo ni tungo za ndugu yake wa ukoo, Ahmad Nassir, na mahadhi mengi yalichukuliwa kwenye filamu za Kihindi. Hapo mna haki za watu watatu katika wimbo mmoja: mwenye maneno, mwenye mahadhi na mwenye rekodi. Watafuteni warithi kwanza. Na kanda zenyewe zilindeni na unyevu wa pwani, maana ukungu ukishaota juu ya utepe huhamia hata kwenye mashine.

Msikilizaji wa Muscat

Huku Oman familia nyingi zenye asili ya Mombasa na Unguja bado zimehifadhi kanda hizo. Juu ya majalada ya zile za nyumbani kwetu pameandikwa kwa mkono arusi ya nani, mtaa gani na nani aliyetunga. Rekodi hizo hizo zikiwekwa kwenye intaneti, maelezo yote hayo huachwa na hubaki jina la mwimbaji peke yake. Tafadhali wekeni daftari dukani, na kila kinachoingia kiandikwe hivyo, wakati wanaojua majibu wangali hai.

Bi wa Makadara

Naongeza moja kuhusu hilo baraza, kwani ndilo linalonitia wasiwasi. Udi kwa mtindo wa marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, unafaa barazani, kwa sababu watu hukaa kitako wakasikiliza maneno. Lakini nyimbo za Zuhura Swaleh, zenye tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo, na mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake, zataka wanawake wacheze na kutunza, na hakuna bibi wa heshima zake atakayeinuka kutunza kando ya njia mbele ya wanaume wapitao. Mkiweka baraza peke yake, mtapata nusu ya taarab, tena nusu isiyolipa. Ulizeni kama nyuma ya chumba hicho pana ua linaloweza kufungwa, alasiri moja kwa juma liwe la wanawake, na fedha zote zitakazotunzwa ziende kwa waimbaji. Kama ua lipo, niandikie. Nawajua wawili ambao bado wanaimba.