Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2026: Lamu tufungue ukumbi saa ngapi?

Wa Mkomani: Ya 2025 kule Munich ilianza saa 4 usiku kwetu. Ya Budapest, Mei 30, ni vivyo hivyo?

Refa: La, ndugu. UEFA wameirudisha hadi saa 12 jioni ya huko, yaani saa 1 usiku hapa. Isha itaangukia kipindi cha kwanza, kwa hiyo msishangae viti vikibaki vitupu. Zikiongezwa dakika 30 na penalti, mtatoka karibu saa 4; petroli ya jenereta ipigiwe hesabu hiyo.

Fundi Dishi: Mei ni masika. Mvua kubwa hukata mawimbi hata dishi likiwa sawa, msiligeuze! Kaza nati mapema, futa kutu ya chumvi kwenye viungio vya waya.

Wa Mkomani: Shukran, wakuu.